Walimkalia Matanga, Naye Yu Hai Moshi

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wazee, majirani na vijana wetu, Njoro, Moshi)

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, habari za jioni. Na nyinyi wanangu, ambao wengine niliwafundisha darasa la nne na leo mmekuja na watoto wenu, karibuni sana.

Nimeombwa niseme habari za safari yangu ya Pemba. Nitaisema. Ila nianze na jambo ambalo kila mtoto wa mjini hapa aliyekua na jina la pwani analijua.

Desemba ikifika, mji huu unajaa. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu usiku na mchana, magari yanapanda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, na kila Mchaga anakwenda kwenye kihamba chao, penye migomba ya babu yake na kaburi la huyo babu. Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu wetu alikuwa akiuliza, "Sikukuu mlikwenda wapi?" Wenzangu wanasimama mmoja mmoja wanataja. Zamu yangu ikifika nasema, "Nilikuwa nyumbani, Njoro." Mwalimu ananiambia, "Hapo ni unapokaa. Kwenu ni wapi?"

Siku moja nikampelekea babu swali hilo. Alikuwa amechuchumaa anawasha mkaa. Akanijibu neno moja tu: "Mtambwe." Nikalibeba mpaka darasani. Hakuna aliyelijua, na mwalimu naye hakulijua. Nikaliweka moyoni, likakaa humo miaka zaidi ya 40.

Wazee mliopo hapa mnamkumbuka babu yangu. Ndiye yule muuza kahawa wa upande wa stesheni, mwenye dele la shaba na jiko la mkaa chini yake, anayegonga vijikombe jioni mpaka watu wanatoka majumbani bila kuitwa. Kashata alitengeneza bibi. Kahawa ilitoka hapo mlimani, kwa wakulima ambao tangu 1933 walikuwa wakiipeleka KNCU, chama chao cha ushirika, lakini jioni kikombe chao chenyewe kilikuwa cha mbege, pombe ya ndizi. Babu ndiye aliyewanywesha baadhi yao kahawa ya shamba lao. Na kahawa yake ilikuwa na karafuu. Punje moja kwenye dele zima, haizidi. Karafuu hiyo aliinunua dukani kwa senti, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kabla hajaitia kwenye dele aliisugua kidogo kwa kidole gumba, akanusa. Nilikuwa nikimtazama kila siku akifanya hivyo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nyumbani alisema tungule, sisi tukasema nyanya. Alisema chooko, sisi choroko. Viazi mviringo kwake vilikuwa mbatata, na sisi tulikuwa tunakwenda skuli. Bibi yangu, Mchaga wa Old Moshi, alimsahihisha miaka 35. Hakusahihika, na nadhani hakutaka.

Alifariki 1979, mimi nikiwa na miaka 13. Alituachia lile neno Mtambwe, majina matatu yaliyofuatana, yaani lake, la baba yake na la babu yake, na kauli moja ambayo baba yangu alikuwa akiirudia. Kila alipoulizwa kwa nini haendi kwao, babu alisema, "Nitarudi nikipata ya kurudi nayo."

Nimestaafu kazi ya ualimu. Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, nikamchukua binti yangu tukaenda.

Niwaeleze njia, maana najua wapo hapa watakaoifuata. Reli ya Tanga ilifika Moshi 1911, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotuletea watu wa pwani: makarani, mafundi, wapishi, mabaharia waliochoka na bahari. Mababu wa wengi wetu humu walipandia Tanga. Babu naye alipanda hivyo, baada ya miaka michache ya kukata mkonge upande wa Muheza. Mimi sikupita Tanga wakati wa kwenda. Nilishuka Dar es Salaam, nikavuka mpaka Unguja, kwa sababu nilitaka kwanza kuonana na makaratasi.

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Nilikaa pale siku 3. Niliyoyakuta yalinifungua macho, ingawa hayakunipa nilichokifuata. Kuna hati za rahani, kuna mambo ya mirathi, nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na usipokuwa na mtu wa kukusomea utaziangalia kama pambo. Hapo ndipo nilipoelewa neno "ya kurudi nayo".

Mnajua kwamba kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Lakini mkulima wa Pemba alikuwa anaishi kwa mkopo. Anakula msimu huu, analipa msimu ujao, na shamba liko rahani. Miaka ya 1930 dunia nzima ilipopata dhiki, bei ya karafuu ikaporomoka. Halafu 1937 serikali ya wakoloni ikaipa jumuiya moja ya wakulima, iliyoundwa na serikali hiyo hiyo, mamlaka ya kununua karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na India nako wakasusa, mpaka 1938. Fikirieni kijana wa miaka 21 kijijini mwaka huo. Karafuu ipo, mnunuzi hakuna, na baba yake ana deni. Babu yangu aliondoka Pemba 1938.

Jina lake sikuliona kwenye hati hata moja. Mtumishi mmoja pale, kijana mpole sana, aliniuliza swali ambalo nawaomba mlichukue leo. "Mama, Mtambwe ipi? Kaskazini au Kusini? Shehia gani?" Sikujua kama ziko mbili. Neno nililolilinda tangu utoto, kumbe nilikuwa na nusu yake tu.

Meli ya kwenda Mkoani tuliipanda asubuhi. Sikulala usiku ule, niseme kweli. Mtu wa mlimani akiiona bahari anaiogopa, na mimi ni mtu wa mlimani, bila kujali damu inasema nini. Tulipokuwa tunaipita Nungwi mama mmoja kando yangu akaanza kusoma Fatiha kimya kimya, na wengine wakamfuata. Ni upande huo ambako MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikaondoka na mamia ya watu, na wengi wao hawakupatikana wazikwe. Yule mama hakuniambia kama aliondokewa na mtu. Alimaliza dua yake, akanikaribisha mkate wa kumimina, tukala.

Pemba nilivyoidhani sivyo. Nilidhani kisiwa ni mchanga na minazi. Kumbe ni vilima, na kati ya vilima kuna mabonde ya mpunga, na juu ya vilima mikarafuu imesimama mirefu. Tulikwenda wakati wa msimu. Kutoka Mkoani kupitia Chake Chake mpaka Wete, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, mbichi za kijani na nyekundu, zilizokauka zimekuwa rangi ya kahawia. Akina mama na watoto wamekaa kwenye baraza wanachambua, punje huku, makonyo kule. Dirisha la gari lilikuwa wazi. Ile harufu iliyoingia, ndugu zangu, ilikuwa ni mkono wa babu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikashindwa kumjibu mpaka tulipofika Wete.

Kutoka Wete tukavuka hori kwa mashua kwenda Mtambwe. Huko kuna mahali panaitwa Mtambwe Mkuu, palipokuwa na mji mkubwa zamani sana. Mwaka 1984 zilipatikana hapo sarafu zaidi ya 2,000, vipande vidogo vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii hii, za miaka 1,000 hivi iliyopita. Nahodha alituonyesha upande kwa kidole, akasema, "Ndiyo wazee wenu hao." Alisema kwa upole, kama anayetukaribisha. Miaka yote niliyofundisha historia, sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu habari za mji huo, kwa sababu sikuwa nazo.

Hapa nisimame kidogo niwaambie vijana. Mnaponiuliza namna ya kutafuta asili yenu, wengi mnataja kipimo cha vinasaba. Kipimeni mkitaka, lakini kitakupeni bara na pande za dunia. Nyumba hakikupeni. Nyumba unaipewa na mtu aliyekaa kwenye baraza. Na huyo mtu ana hofu yake, nayo ni ya haki. Amewaona watu waliopotea miaka 50 wakirudi siku shamba linapopata bei. Kwa hiyo nilipofika kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, kabla sijakaa, nilisema mbele ya wazee wawili aliowaita: "Sikuja kudai mti wala ardhi. Nimekuja kuuliza habari za marehemu babu yangu, na kuleta habari zake." Wazee walitazamana, na mmoja akasogeza mkeka. Naamini kama ningeanza na maneno mengine ningepewa maji ya kunywa nikarudishwa Wete.

Nikawasomea yale majina matatu. Yule mzee aliyesogeza mkeka akayarudia, kisha akaongeza la nne, akaongeza la tano, kama mtu anayeendelea na aya aliyoihifadhi. Halafu akasema, "Huyo keshakufa zamani. Alizama."

Nikasema, "Hakuzama, mzee wangu. Alikuwa Moshi."

Akainuka. Akasema, "Basi twendeni kwa Bibi."

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa napatafuta maisha yangu yote.

Bibi huyo ni mdogo wake babu, wa mwisho kuzaliwa. Ana miaka 90 na zaidi, macho yamepungua, lakini masikio yake ni mazima na ulimi wake ni mzima. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, mgongo ukutani. Nikampa mkono, "Shikamuu Bibi," akaushika, hakuuachia. Sheha akamweleza. Hakuonyesha kushtuka. Akauliza tu, "Mwanamke huyu mtoto wa nani?" Nikamtajia jina la baba yangu.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hilo jina la kaka yetu wa pili. Nani aliyempa?"

Nikasema, "Babu mwenyewe. Ndiye mtoto wake wa kwanza."

"Na wa pili?"

Nikataja jina la shangazi yangu mkubwa. Bibi akauleta mkono wangu kifuani kwake. "Hilo jina la mama yetu." Akauliza wa tatu, nikataja. Lilikuwa jina la dada yao aliyekufa mdogo. Akauliza wa nne. Wa nne ni shangazi yangu wa mwisho, mnamjua nyote, yupo hapa amekaa mstari wa mbele. Nilipolitaja jina lake, yule Bibi alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, kwa sababu lilikuwa jina lake mwenyewe.

Shangazi, umeishi Moshi miaka yako yote ukidhani jina lako babu alilichagua kwa kulipenda. Alikupa jina la mtoto wa miaka 7 aliyemwacha ufukweni.

Sisi tulimwona babu kama mtu aliyekata kamba, asiyesema kwao, asiyeandika. Kumbe nyumba ile aliijenga upya hapa Njoro, chumba kwa chumba, na akawa anaiita kila siku: kuleni, njooni, laleni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa anawaita akina nani.

Bibi akatueleza upande wao. Babu aliondoka alfajiri na jahazi la Tanga, kwa umande. Alimpa mdogo wake senti moja, akamwambia, "Nakwenda kuitafuta mikarafuu ya baba, nikirudi tutakuwa hatuna deni." Walingoja msimu wa kwanza, wakangoja wa pili. Mwaka wa tatu nahodha mmoja akaleta habari kwamba jahazi lililokuwa na vijana wa Mtambwe lilipinduka kwenye mkondo wakati wa kusi. Majina hakuwa nayo yote. Baba yao akakaa na habari hiyo, kisha akasema imetosha.

"Basi tukamkalia matanga," Bibi alisema. "Aliondoka kwa tanga, tukamkalia matanga."

Wakamsalia sala ya maiti asiyekuwepo. Wakasoma khitma. Na tangu mwaka huo, kila msimu wa karafuu ukimalizika, wakamsomea khitma, bila kukosa. Usiku wa kwanza kule nililala na hesabu kichwani. Mwaka walioanza kumsomea khitma, babu alikuwa anakata mkonge, ana nguvu zake. Walimsomea mwaka aliomwoa bibi. Walimsomea mwaka aliozaliwa baba. Walimsomea miaka ile yote aliyokuwa akinibeba begani kunipeleka stesheni kuona treni. Mwaka 1979 khitma ilisomwa Mtambwe kama kawaida, na mwaka huo ndio wa kwanza kusomewa mtu aliyekufa kweli.

Asubuhi nikamuuliza Bibi habari za deni. Akashangaa kwamba nauliza. "Deni lilikwisha zamani, mwanangu. Baada ya vita bei ikapanda, kaka wa pili akakomboa mikarafuu yote. Mie nilikuwa mwari." Baada ya vita, yaani baba yangu alikuwa anajifunza kutembea. Jambo lililomzuia babu kurudi lilikuwa limeondoka, na aliishi miaka 30 mingine akilikimbia. Kati ya Pemba na bara ni kilomita 50 hivi. Hakupatikana mtu wa kumwambia.

Nimelisema hili polepole makusudi. Huzuni yangu kubwa iko hapo. Sikuwahi kumlaumu mtu mmoja na simlaumu leo. Huku kulikuwa na nusu ya habari, kule kulikuwa na nusu, na kila upande uliheshimu nusu yake kama nzima. Sisi tulisema amewaacha. Wao walisema amekufa. Wote tulikuwa tunampenda.

Walinipeleka shambani. Niwaeleze desturi moja ya visiwani: mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu, lakini kijishamba chao kilikuwa kidogo, kikabaki kwenye ukoo. Baba yao alipogawa, alimhesabia na aliyezama. Mikarafuu 7 upande wa bondeni. Walimwandikia nani? Walimwandikia maiti. Mazao ya miti hiyo hayakuliwa na mtu. Yakiuzwa, fedha ilikuwa ni ya khitma yake: mchele, nyama, ubani, sadaka ya wanafunzi wa chuo cha Kurani. Leo imebaki 2. Nikaigusa. Mizee, gome limepasuka, lakini juu imebeba, na kijana mmoja alikuwa matawini kabisa na kamba na pakacha lake anachuma. Yule kijana ni mjukuu wa kaka wa pili. Alinirushia kishada kimoja, nikakisugua kwa kidole gumba, nikanusa. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo isipokuwa mtu mmoja.

Sasa, kabla ya kuondoka Moshi nilikuwa nimebeba kitu ambacho binti yangu alikionea haya. Bibi yangu wa Old Moshi alinilea kwa mila zake pia. Mnajua isale. Mti ule tunaouweka kwenye mpaka wa kihamba, na jani lake ndilo anachukua mtu aliyemkosea nduguye, anampelekea mkononi, na aliyepelekewa isale si rahisi akatae kusamehe. Nilikata kikonyo cha isale nyuma ya nyumba yetu, nikakifunga kwenye kitambaa kibichi, nikakivusha bahari. Nilijua kwamba kule hawaijui. Lakini babu alikuwa na mke Mchaga, na sisi ni watoto wa Mchaga, na sikuona namna nyingine ya kuomba msamaha kwa niaba yake iliyokuwa yetu kweli.

Nikampa Bibi, nikamweleza maana yake. Alikipapasa kile kikonyo kwa vidole muda mrefu. Akasema, "Na sie tukupe nini? Sie ndio tuliomzika mzima." Nikakosa neno. Akamwita yule kijana, akamwambia akipande bondeni, kati ya ile mikarafuu miwili. Kimepandwa. Nimeletewa picha kwenye simu, kina majani 3.

Wakati wa kurudi mlitaka niwaletee karafuu, najua, mmoja wenu alinipigia simu nikiwa Wete. Karafuu sikubeba. Kule karafuu inauzwa kwa shirika la serikali, na kuivusha kwa njia nyingine ni magendo, nami sikutaka kuuanza undugu wangu mpya kwa kosa. Bibi alinipa jamvi. Ni jamvi la ukili alilolisuka mwenyewe zamani, limeanikiwa karafuu misimu na misimu mpaka limekuwa jeusi katikati. Ndilo hili mliloliona hapa mbele na kujiuliza kwa nini mwalimu ametandika jamvi bovu. Mkimaliza kunisikiliza, inameni. Harufu haijatoka.

Tulirudi kwa ndege ndogo ya Tanga. Niliutazama ule mkondo kutoka juu. Una kina cha mita 800 hivi, maji yake ni meusi ukilinganisha na ya pembeni, na kabla sijamaliza kusoma Yasin tulikuwa tumeshavuka. Tanga tukapanda basi, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, njia ile ile ya babu, na pale Muheza niliiona mikonge bado imesimama safu kwa safu.

Mwezi wa Desemba msimu ulipomalizika, khitma ilisomwa pande mbili kwa wakati mmoja, huku kaburini kwake na kule Mtambwe, simu imewekwa katikati ya watu. Baadhi yenu mlikuwepo. Sauti ilikatika mara mbili, na kila iliporudi tuliwakuta wametungoja kwenye aya ile ile.

Nina jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa. Yule kijana mchumaji anakuja. Ataingia Ijumaa na basi la Tanga. Bibi hawezi safari, amemtuma yeye aje alione kaburi, achukue udongo kidogo. Amempa na maswali, kijana ameniambia kwamba yameandikwa ukurasa mzima. Anataka kujua kaka yake alikuwa anacheka vipi alipokuwa mtu mzima. Alikuwa anakula nini. Kama bado alikuwa anaimba akifanya kazi. Kama aliwahi kumtaja, hata mara moja, kwa mtu yeyote, jioni akiwa na dele lake.

Mimi nilikuwa mtoto, mengi siyajui. Lakini humu ndani naona wazee wanne walau mliokaa naye kwenye benchi ile ya stesheni mkinywa kahawa yake. Ijumaa baada ya sala, njooni nyumbani. Shangazi atapika kashata. Dele tumelisugua, na maji yatakuwa jikoni.